Kahawa Iliyonuka Dagaa

Katika mkutano mkuu wa mwaka juzi wa Umoja wa Wakulima na Wavuvi, mjumbe mmoja kutoka Litumbandyosi alipitiwa na usingizi mara baada ya chakula cha mchana, akaanguka pamoja na kiti chake. Mtoa mada hakukatisha. Aliendelea kusoma ukurasa wa kumi na nne huku watu wawili wakimwinua yule bwana, naye akakaa, akashukuru, akalala tena. Mwaka uliofuata walianguka wawili.

Aurelia Mapunda hakuwapo siku hizo. Alikuja Mbinga kutoka Songea miezi minane iliyopita kuwa katibu wa umoja huo, na habari za kuanguka alizisoma kwenye muhtasari wa kikao, chini ya kichwa "Mengineyo". Akaapa kwamba mwaka wake haanguki mtu.

Siku moja akaingia dukani kwa Mzee Masoudi kununua godoro. Duka hilo liko mjini Mbinga, si mbali na stendi. Babu yake Masoudi alifika kutoka Kilwa na mzigo wa vitambaa, akaoa, akasahau kurudi. Masoudi mwenyewe huuza magodoro, sukari, mafuta ya kula, na ana lori moja aina ya Fuso ambalo huliosha kwa mikono yake kila Ijumaa asubuhi. Aurelia alikuwa anabonyeza magodoro moja baada ya jingine aliposikia godoro linacheka.

"Usishtuke," Masoudi akamwambia. "Ni binti yangu. Yuko kazini."

Nyuma ya ukuta wa magodoro, juu ya ndoo iliyopinduliwa, alikuwa ameketi Sumaiya, mwanamke wa miaka ishirini na sita, hedifoni masikioni na kinasa sauti mapajani. Mbele yake, juu ya ndoo nyingine, alikuwa mzee aliyepiga kengele ya kanisa kwa miaka thelathini, akieleza siku aliyopiga kengele ya msiba kwa bahati mbaya wakati wa harusi. Sumaiya alikuwa na podikasti yake, *Tuambie Wewe*, ambamo watu wa Mbinga walisimulia kazi zao. Magodoro yalizuia kelele za stendi. Aurelia alisimama pale, godoro la tano kwa sita likimwegemea begani, akasikiliza mpaka mwisho. Hakuwa amesinzia hata kidogo, na ilikuwa saa nane mchana.

"Mdogo wangu," akamwambia Sumaiya mzee alipoondoka, "haya unayoyafanya humu, unaweza kuyafanya mbele ya watu mia moja na hamsini?"

Sumaiya hakuwahi kufanya mbele ya watu zaidi ya wawili, mmoja wao akiwa baba yake aliyeingia kuchukua sukari. Akasema anaweza.

Mpango wenyewe ulikuwa rahisi. Baada ya chakula, badala ya mada ya tatu, Sumaiya angepanda jukwaani na wageni wawili, awahoji mbele ya wajumbe, na wajumbe waulize maswali. Kipindi kingerekodiwa, tena kingeenda hewani papo hapo kwa mtandao, ili wakulima waliobaki vijijini nao wasikie kwenye simu zao. Kilichobaki kilikuwa kumshawishi mwenyekiti, Mzee Wilfred, aliyekuwa na risala ya kurasa ishirini na mbili na hakutaka kitu chochote kiiguse.

"Hiyo podikasti ni redio?" aliuliza.

"Ni kama redio, mzee," Sumaiya alijibu, "ila mtu anaisikiliza anapotaka."

"Na asipotaka?"

"Hasikilizi."

Wilfred akafikiri kidogo. "Basi haina tofauti na risala yangu," akasema, akaweka sahihi.

Mkutano ulifanyika Mbamba Bay mwezi wa saba, wakati kahawa inavunwa milimani na watu wana maneno mengi. Masoudi alifunga duka, jambo ambalo hakulifanya hata alipougua, akamwendesha binti yake mwenyewe mpaka ziwani. Alivaa koti lake la Idi na kofia mpya. Njiani alimwambia mara tatu kwamba yeye atakaa nyuma asimtie wasiwasi. Walipofika akaenda moja kwa moja safu ya mbele, akaketi kiti cha katikati.

Ukumbi ulikuwa hatua chache tu kutoka ufukweni, na madirisha yake yalikuwa wazi. Dunstan, fundi mitambo ambaye kwa kawaida hushughulika na harusi, alifunga spika na nyaya, akajaribu kipaza sauti kwa kusema "bwana harusi, bwana harusi" mpaka Sumaiya akamwomba abadilishe. Kila kitu kilikuwa sawa hadi saa nne, Aurelia alipoona jambo dogo. Wageni wake wawili, Mama Tadea Ndunguru na Mzee Mansuetus Kapinga, wote wakulima hodari wa kahawa kutoka Maguu, wote majirani, walishuka kwenye basi moja, mmoja kwa mlango wa mbele na mwingine kwa mlango wa nyuma. Kisha mmoja akapita kushoto kwa nyumba ya wageni na mwingine kulia, ingawa njia ya kushoto ilikuwa na tope.

Aurelia akamfuata mwenyekiti. "Mzee Wilfred, hawa wawili wana nini?"

"Hawasemeshani," Wilfred alijibu, akiendelea kusahihisha risala. "Mwaka wa sita huu."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani unajua. Maguu nzima inajua. Kanisani padre akisema tutakiane amani, Mansuetus anageuka kulia na Tadea anageuka kushoto. Mashamba yao yametenganishwa na mfereji tu."

"Mimi nimetoka Songea, mzee!"

"Ndiyo," Wilfred akasema kwa upole. "Ningekumbuka hilo ningekwambia."

Hapakuwa na muda wa kutafuta wageni wengine. Aurelia alimnong'oneza Sumaiya, Sumaiya akasema wakipanda jukwaani mbele ya watu wataona aibu na watazungumza. Alikosea.

Saa nane na robo, wali na kuku vikiwa vimeshaingia kazini na vichwa vya wajumbe vimeanza kuinama, Sumaiya akawasha kinasa sauti. Viti vitatu, meza ndogo, vipaza sauti vitatu. Dunstan akainua kidole gumba: wako hewani. Kwenye simu yake Sumaiya aliona wasikilizaji themanini na saba. Hakuwahi kuwa na zaidi ya arobaini.

Akawakaribisha. Akasema mada ni ubora wa kahawa unaanzia wapi. Akamgeukia Mansuetus, mzee mrefu, mkavu, mwenye koti lenye vifungo vyote.

"Mzee Mansuetus, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Kwa maoni yako, ubora wa kahawa unaanzia wapi?"

"Unaanzia kwenye kuchuma. Unachuma nyekundu tu. Wapo watu," akasema akitazama dari, "wanachuma na mbichi."

"Mama Tadea, shikamoo. Wewe unasemaje?"

Tadea alikuwa mama mnene, mdogo wa umri kuliko Mansuetus kwa miaka michache, mwenye kitambaa cha kijani kichwani na sauti isiyohitaji kipaza sauti. "Marahaba. Mwambie huyo mzee kwamba nimesikia. Na mwambie kwamba mimi mbichi sijachuma tangu nizaliwe."

Sumaiya akangoja. Mansuetus hakuwa na dalili ya kusikia, ingawa goti lake lilikuwa mita moja kutoka goti la Tadea na spika za Dunstan zilisikika mpaka kwenye mitumbwi.

"Mzee," Sumaiya akasema hatimaye, "Mama Tadea anasema hajawahi kuchuma mbichi."

"Mwambie nimefurahi kusikia."

"Mama, mzee amefurahi kusikia."

"Mwambie asifurahi, maana sijamaliza."

Safu ya nne, bwana mmoja aliyekuwa amelala aliinua kichwa. Yule wa pembeni yake akamgusa wa mbele. Sumaiya aliona watu wanafungua macho mmoja mmoja, akajua kwamba hapa ama kipindi kinakufa, ama kinaendelea hivi hivi. Akasogea kwenye kipaza sauti.

"Wasikilizaji, kwa ninyi ambao hamtuoni, wageni wetu wameketi karibu sana, ila Mzee Mansuetus ameanza kukizungusha kiti chake. Sasa kinatazama dirishani. Sasa tunamwona kisogo."

Ukumbi ukacheka. Na kwa muda wa dakika kumi wakulima wale wawili walieleza kazi yao vizuri kuliko mtoa mada yeyote aliyewahi kusimama pale, kumenya, kuloweka, kuosha, kuanika juu ya vichanja, kila mmoja akitumia sentensi yake ya mwisho kumchoma mwenzake, na Sumaiya akiwatafsiria kutoka Kiswahili kwenda Kiswahili. Watu waliandika kwenye madaftari. Hakuna aliyekwenda msalani.

Kisha upepo ukageuka.

Nje, ufukweni, wanawake walikuwa wameanika dagaa juu ya vichanja virefu vya wavu, na harufu yake ikaingia kwa madirisha yote kwa pamoja. Wenyeji wa ziwani hawakutambua hata kwamba imeingia. Wa milimani walikunja pua. Tadea akavuta hewa kwa nguvu, karibu kabisa na kipaza sauti, na sauti ya pua yake ikajaza ukumbi.

"Mwambie mzee," akasema taratibu, "harufu hii haimkumbushi kitu?"

Mansuetus akakigeuza kiti chake chote kwa mara moja. "Mwambie inanikumbusha stoo yake!"

Ndipo mambo yalipotoka. Miaka sita nyuma, wakulima kumi na wawili wa Maguu walikuwa na kikundi chao. Walikusanya kahawa yao bora pamoja, wakaishona kwenye magunia, wakaipeleka ionjwe na wapimaji wa ubora. Waliitegemea sana. Majibu yakaja kwenye karatasi moja: kahawa ina harufu ya samaki. Mstari huo mmoja ulivunja kikundi. Mansuetus alisema ni Tadea, kwa kuwa mume wake ni Mnyasa wa Liuli, kule ziwani, na shemeji zake humletea dagaa kila wakija. Tadea alisema ni Mansuetus, kwa kuwa alimwona kwa macho yake ameanika dagaa juu ya kichanja cha kahawa, wamejipanga mistari miwili.

"Mwambie," Mansuetus akasema, "mwambie nimelisema hili miaka sita na hakuna aliyenisikiliza. Zile zilikuwa soksi!"

Ukumbi ukalipuka. Sumaiya alijaribu kutafsiri akashindwa, akafunika uso na karatasi yake ya maswali. Aliporudi hewani sauti yake ilikuwa imepanda.

"Mama, mzee anasema… zilikuwa soksi."

"Mwambie soksi gani zinang'aa?"

"Za nailoni! Alinipa padre!"

"Na mwambie tangu lini soksi zinaanikwa kwenye kichanja cha kahawa? Hata kama ni soksi, ni kosa!"

Katikati ya kelele hiyo bwana mmoja mfupi akasimama safu ya sita, ambaye alikuwa ameinua mkono kwa muda mrefu. Alijitambulisha kwa jina la Damiano, mvuvi wa hapo hapo Mbamba Bay. "Mimi nasimama kwa niaba ya dagaa," akasema. "Tangu tumeanza hapa dagaa anasemwa vibaya. Dagaa wetu hana kosa. Dagaa hapandi mlima mwenyewe." Akaketi, akapigiwa makofi na upande mzima wa wavuvi.

Watu walicheka, lakini Sumaiya hakucheka. Maneno ya Damiano yalikuwa yamemgusa mahali penye kazi yake, kwa sababu aliyekaa na wapiga kengele na mafundi viatu hujifunza kuuliza jambo hatua kwa hatua.

"Ngoja kwanza," akasema. "Mama Tadea, magunia mlipoyashona, yalinuka?"

"Hapana."

"Mzee Mansuetus?"

"Yalinukia kahawa. Hilo," akakiri kwa shida, "mwambie nakubaliana naye."

"Mkayaweka kwenye stoo ya nani?"

"Hayakulala stoo," Tadea akasema. "Tulishona asubuhi, tukayapeleka barabarani, mchana likapita lori likayachukua."

"Lori la nani?"

Hapo likatokea jambo ambalo watu wa Maguu waliokuwepo walilisimulia baadaye zaidi hata ya habari ya soksi. Tadea na Mansuetus walitazamana. Kwa miaka sita hawakuwa wametazamana usoni, na sasa walitazamana kwa muda mrefu, wakakubaliana kitu bila kusema, kisha wote wawili wakamtazama Sumaiya kama mtu anavyomtazama mtoto aliyefiwa.

"Mwanangu," Mansuetus akasema kwa sauti ya chini, "hilo swali liruke."

"Tuongelee mbolea," Tadea akasema.

Sumaiya akaelewa. Miaka ile yeye alikuwa chuoni, lakini likizo zote alikuwa nyumbani, na ratiba ya Fuso aliijua kama kipindi cha darasani. Jumatatu kwenda ziwani na sukari na magodoro. Jumatano kurudi na dagaa. Na kama nafasi ipo, kupitia vijijini kupakia mizigo ya watu. Aliitazama safu ya mbele. Baba yake alikuwa ameinama, anatafuta kitu chini ya kiti, na ilionekana wazi kwamba hakuna kitu chini ya kiti.

Wasikilizaji mia mbili na kumi na wanne. Dunstan, ambaye kwenye harusi amezoea kuokoa wazungumzaji waliokwama, aliinua simu yake kumwonyesha kwamba ana wimbo tayari. Ilikuwa rahisi. Wimbo, tangazo la mbegu, mbolea. Baba yake alimnunulia kinasa sauti kile. Baba yake alikataa wateja waliotaka magodoro ya mbele kwa sababu bila hayo kelele za stendi zingeingia. Lakini watu wawili walikuwa wameketi mbele yake wamepoteza miaka sita, na swali lilikuwa limeshaulizwa.

Akatikisa kichwa kwa Dunstan.

"Wasikilizaji," akasema, "mwenye lori lililokuwa linapita Maguu miaka ile yumo humu ukumbini. Ni baba yangu mzazi. Baba, shikamoo."

Vichwa vikageuka. Kisha kutoka chini ya kiti: "Marahaba."

"Naomba upande hapa."

Masoudi akainuka. Alipanda ngazi tatu za jukwaa kama mtu anayepanda mlima wenyewe. Aurelia akamletea kiti. Akavua kofia, akaivaa tena, akasema kwenye kipaza sauti, "Asalamu aleikum." Akaitikiwa. "Tumsifu Yesu Kristo." Akaitikiwa kwa nguvu zaidi. "Kwa heshima ya mwenyekiti, katibu, wajumbe…"

"Baba," Sumaiya akasema. "Siku ile ulibeba kahawa ya Maguu?"

"Niliibeba."

"Na dagaa?"

Masoudi alitazama ziwa. "Dagaa chini, kahawa juu. Katikati niliweka turubai."

"Turubai zima?"

"Zima… kwa sehemu kubwa."

"Lilikuwa na tundu?"

"Lilikuwa na tundu."

"Kubwa kiasi gani?"

"Sumaiya."

"Wasikilizaji hawaoni, baba."

Masoudi akainua mikono, akaonyesha upana, akakumbuka kwamba ni sauti tu inayokwenda. "Mbuzi angepita," akasema. "Bila kuinama."

Hakuna aliyecheka mara moja. Tadea alikuwa amesogea mbele kwenye kiti. "Mzee Masoudi, ulisikia kwamba kahawa yetu ilikataliwa?"

"Nilisikia, mama."

"Ulijua ni kwa nini?"

Hapa Masoudi alinyamaza. Sumaiya, ambaye kwenye kila kipindi alikata ukimya wote kwa mkasi wa kompyuta, aliuacha huu. Wavuvi na wakulima walisikia mawimbi yakipiga ufukweni, na mtu mmoja nyuma akikohoa na kuomba radhi.

"Nilijua," Masoudi akasema. "Nilipofungua turubai nilinusa mwenyewe. Nikasema pengine ni pua yangu. Kisha nikasikia mmegombana, nikasema nitakwenda wiki ijayo kuwaeleza. Wiki ijayo nikasema mvua imezidi. Halafu ukapita mwaka, na mtu ukishakaa na jambo mwaka mzima, unaona aibu ya kuchelewa ni kubwa kuliko lile kosa lenyewe. Tangu siku ile sijachanganya tena mzigo. Lakini sikuja. Mnisamehe."

Tadea akavuta pumzi. Watu wote walimngoja amgeukie Masoudi. Badala yake alimgeukia Mansuetus.

"Zilikuwa soksi kweli?" akamwuliza yeye mwenyewe, bila mtu wa kati.

"Kweli, Tadea."

"Kwa hiyo nilikusingizia."

"Na mimi nilimsingizia mumeo. Na shemeji zako. Na yule paka wenu."

"Paka pia?"

"Nilisema aliingia kwenye magunia na dagaa mdomoni."

Tadea akaanza kucheka, kicheko cha kutoka tumboni kilichomfanya Dunstan akimbilie kupunguza sauti, na Mansuetus, ambaye uso wake haukuzoea kazi hiyo, akacheka naye akiwa amejishika vifungo vya koti. Ukumbi mzima ukawa wima. Mwenyekiti Wilfred akapenya hadi jukwaani, akainama kwa Sumaiya.

"Binti, hilo la turubai ulikate. Baba yako ni mtu wa heshima."

"Haikatiki, mzee. Imeshakwenda."

"Imekwenda wapi?"

Aurelia akamwonyesha simu. Ujumbe ulikuwa unaingia kutoka Maguu, ambako watu walikuwa wamekusanyika kwenye kituo cha kukusanyia kahawa kuzunguka spika moja. Sumaiya akausoma hewani: "Hapa tupo zaidi ya hamsini. Mke wa Mzee Mansuetus anasema soksi hizo anazikumbuka, na alimkataza."

Kwa upande wa mkutano, siku hiyo lilipitishwa azimio moja la haraka: lori lolote linalobeba kahawa ya wanachama lisibebe samaki safari hiyo hiyo, na kinyume chake, jambo ambalo wavuvi waliliunga mkono kwa sauti moja wakidai kwamba kahawa nayo inaharibu dagaa. Risala ya mwenyekiti ilisomwa kurasa tatu. Hakuna aliyeanguka.

Njiani kurudi nyumbani hali ilikuwa nyingine. Masoudi aliendesha gari kupanda milima yote ile. Sumaiya aliketi pembeni yake, vifaa mapajani, akitazama migomba inapita. Walipokaribia Mbinga ndipo baba yake akasema:

"Ulipaswa kuniuliza kwanza. Kando."

"Ungeniambia?"

Masoudi alibadilisha gia. "Ningekwambia wiki ijayo," akasema, kisha midomo yake ikamcheza kidogo, akaitazama barabara kwa bidii.

Wiki hiyo watu waliingia dukani kwa wingi. Wengine walinunua sukari, wengine walikuja kumtazama tu. Mmoja aliuliza kama magodoro nayo yalisafiri na dagaa, na Masoudi akamwambia anuse mwenyewe, na yule bwana akainama akanusa, mbele ya wateja wote. Masoudi aliyavumilia hayo siku tatu. Siku ya nne akafunga duka tena, akamchukua binti yake, wakaenda Maguu.

Aliwakuta Tadea na Mansuetus wanachuma upande mmoja wa mfereji, shamba la Tadea siku hiyo, la Mansuetus kesho yake. Masoudi alikuwa ameandaa maneno. Aliyasema yote akiwa amesimama kati ya miti ya kahawa, kofia mkononi, na aliposema "nipo tayari kwa lolote mtakaloniambia," alidhani wataitisha wazee na kikao.

"Lolote?" Mansuetus akauliza.

"Lolote."

Tadea akampa kikapu.

Masoudi, ambaye amebeba kahawa ya watu maisha yake yote na hajawahi kuigusa ikiwa mtini, alifunga kikapu kiunoni juu ya koti lake. Sumaiya naye akapewa chake. Kabla ya saa nne jua lilikuwa kali na mgongo wa Masoudi ulikuwa unalia. Wakulima wale wawili walimfuata nyuma, mmoja kila upande, wakikagua kikapu chake na kuzozana kwa raha kabisa.

"Hii ni mbichi," Mansuetus alisema, akiitoa.

"Siyo mbichi, ni nusu," Tadea akamjibu. "Wewe macho yako siku zote yana kasoro."

"Nusu ni mbichi!"

"Mzee Masoudi, usimsikilize. Lakini ile nyingine ndiyo mbichi kabisa, itoe."

Sumaiya alikuwa kwenye mti wa tatu, mikono imenata utamu wa matunda, anawasikiliza. Hakuwa na kinasa sauti, na kwa mara ya kwanza hakujali.

"Jamani," Masoudi akasema, akijinyoosha, "mtu anaruhusiwa kupumzika saa ngapi?"

"Bado," Tadea na Mansuetus walijibu kwa pamoja.